Daktari wa Mifupa na Kadi ya Bima

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na penseli. Leo hatutazungumza habari za mbolea wala habari za kuku. Leo tuna habari za mfupa uliovunjika, na habari za kadi ndogo ambayo wengi wenu mmeiweka sandukuni pamoja na vyeti vya watoto: kadi ya bima ya afya.

Pengine mtauliza, mambo hayo mawili yakutana wapi? Malaria hutibiwa katika zahanati ya kijiji, na dawa yake hupatikana papo hapo. Lakini mtu akivunjika paja, au bibi akianguka na kuvunjika nyonga, au mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, zahanati haina uwezo. Hapo anatakiwa daktari bingwa wa mifupa, yaani daktari aliyesomea kuipasua na kuiunga mifupa. Madaktari hao ni wachache, na wengi wao wamo mijini. Basi jamaa za mgonjwa huanza kuulizana: "Nani anamjua daktari wa mifupa anayepokea bima?" Mmoja ataja jina hili, mwingine ataja jina lile, wa tatu asema daktari huyo alikwisha kuhama. Siku zapita. Na mfupa haungoji mazungumzo yenu. Wiki chache baada ya kuvunjika huanza kushikana wenyewe, ukiwa umenyooka au ukiwa umepinda. Uliokwisha kushikana vibaya huenda ukalazimika kuvunjwa tena na daktari ili unyooshwe.

Naona swali lile limeulizwa vibaya. Daktari hapokei bima. Hospitali ndiyo inayopokea. Tafadhali andikeni maneno haya katika daftari, kwa herufi kubwa: HOSPITALI NDIYO INAYOPOKEA BIMA. Nangoja kidogo.

Haya, sasa tuone maana yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao watu huuita kwa herufi nne, NHIF, uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Kwanza ulikuwa wa watumishi wa serikali. Mtumishi alikatwa 3 kwa mia ya mshahara wake, na mwajiri akatia 3 nyingine. Baadaye wakaingia watu wengine. Fedha hizo hukaa katika Mfuko. Mfuko nao hufanya mkataba na hospitali. Neno "mkataba" mwalijua: ni mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Mkataba huo wasema hospitali itatoa huduma hizi na hizi, na Mfuko utalipa bei hii kwa kila huduma. Ukitibiwa, hospitali yapeleka hesabu kwa Mfuko, nao walipa. Daktari aliyekupasua yeye hulipwa na hospitali yake.

Kwa hiyo daktari mmoja aweza kukutibu kwa kadi asubuhi, na jioni asiweze. Asubuhi yumo katika hospitali ya serikali iliyo na mkataba. Jioni yumo katika kliniki ya mtu binafsi isiyo na mkataba, nako utalipa fedha taslimu. Ni mtu yule yule na mikono ile ile. Ukimfuata daktari kwa jina lake tu, waweza kujikuta umeuza ng'ombe kwa matibabu ambayo kadi yako ingeyalipa mtaa wa pili.

Tena mikataba hubadilika. Tarehe 1 Machi 2024 baadhi ya hospitali za binafsi zilisimamisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko, kwa sababu hazikuridhika na orodha mpya ya bei, ile iliyoitwa "kitita". Watu walifika na kadi zao kama siku zote, wakaambiwa kadi haipokelewi. Basi jirani akikuambia, "Mimi nilitibiwa pale kwa bima mwaka juzi," mshukuru, kisha uulize wewe mwenyewe wiki hii. Piga simu, au nenda ofisi ya Mfuko iliyo mkoani kwako. Huko wanayo orodha ya hospitali zote zenye mkataba, na kuiona ni haki yako.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Katika Tanzania Bara hospitali zimepangwa mfano wa ngazi. Chini kabisa ni zahanati. Juu yake ni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali za kanda, na juu kabisa hospitali za taifa. Mwenye kadi hupanda ngazi hii kwa barua ya rufaa. Rufaa maana yake ni kupelekwa mbele: daktari wa chini asema, "Jambo hili limenizidi, namwomba mwenzangu wa juu alitazame." Barua hiyo ndiyo ufunguo wako. Mgonjwa anayeruka ngazi bila barua, na ugonjwa wake si wa haraka, huenda akarudishwa, au akaambiwa alipe mwenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba mfupa wowote ukivunjika yapasa kukimbilia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iitwayo MOI. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, nayo hutibu mifupa, uti wa mgongo, ubongo na mishipa ya fahamu. Hapo hubadilishwa hata nyonga na magoti yaliyochakaa. Ni mahali pazuri, lakini foleni yake ni ndefu, na nauli na malazi ya jamaa wanaokusindikiza hayalipwi na bima. Mkono wa mtoto uliovunjika kidogo hufungwa hogo katika hospitali ya wilaya na kupona vizuri. Kwa mfupa mkubwa zaidi, ulizeni kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa kama ina bingwa wa mifupa. Asipokuwapo, iko hospitali ya kanda: watu wa kaskazini wana KCMC pale Moshi, watu wa Ziwa wana Bugando pale Mwanza, watu wa nyanda za juu kusini wana hospitali ya kanda ya Mbeya, na katikati ya nchi iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Tena mara kwa mara madaktari bingwa huletwa wilayani kwa siku chache, na habari hiyo hutangazwa. Msikilize matangazo hayo kama msikilizavyo ya mnada.

Lakini nataka hapa mnisikilize kwa makini. Haya ya barua na ngazi ni ya mgonjwa anayeweza kungoja. Dharura haina rufaa. Mfupa ukitoboa ngozi na kutokeza nje, au damu ikitoka haifungiki, au mguu ukawa baridi na mweupe, au mtu ameanguka kutoka mnazini na hawezi kuisogeza miguu yake, hapo usitafute barua. Mpeleke hospitali iliyo karibu iliyo na daktari, saa hiyo hiyo. Kidonda kilichofika mfupani huingia uchafu, na kila saa inayopita bila dawa yazidisha hatari ya mfupa kuoza. Usiuvute mguu. Ufunge kwa banzi kama ulivyo, funika kidonda kwa kitambaa safi, na usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akapasuliwa. Mtu aliyegongwa na bodaboda au aliyepigwa hutakiwa pia kuwa na fomu ya polisi, iitwayo PF3. Jamaa mmoja aende polisi, wengine waende na mgonjwa.

Mtu wa mgongo msimnyanyue kwa kumshika kwapani na miguuni. Mlazeni juu ya ubao au mlango, watu wanne au zaidi wakimwinua kwa pamoja, kichwa na mgongo vikae katika mstari mmoja.

Nimesikia mtu akinong'ona huko nyuma: "Na yule mzee wetu anayeunga mifupa?" Sitawatukana wazee hao. Wamekuwapo kabla ya hospitali, na wako wanaojua kuunganisha mkono wa mtoto. Hatari yenyewe ni kamba. Banzi likikazwa sana, damu haipiti, na nyama iliyo chini yake hufa. Mtu aliyevunjika mkono tu, jambo la kupona, anaweza kukatwa mkono huo kwa sababu ya kamba. Basi mtu yeyote akifungwa banzi au hogo, hata na daktari, fanyeni hivi: bonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi yapasa kurudi mara moja, kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili. Isiporudi, au vidole vikiwa baridi, au vimekufa ganzi, au maumivu yazidi badala ya kupungua, ni lazima kufunguliwa upesi na kwenda hospitali. Fundisheni na watoto wenu jambo hili. Halihitaji kadi wala fedha.

Turudi kwenye barua ya rufaa. Kabla hujaondoka mbele ya daktari, isome. Ndiyo maana mko hapa darasani jioni baada ya kazi za mchana. Tazama jina. Je, limeandikwa sawasawa na lilivyo katika kadi? Kompyuta haina adabu ya kukisia. Kadi ikisema Mwanaidi na barua ikisema Mwanahidi, kwake hao ni watu wawili. Tazama tarehe. Tazama hospitali unakokwenda, na idara: yapasa kuandikwa mifupa. Tazama sahihi ya daktari na muhuri. Kama kimepungua kitu, sema pale pale, kwa upole: "Samahani daktari, naona hapa hapana muhuri." Hakuna atakayekasirika. Na akikasirika, hasira yake ni nafuu kuliko nauli ya kurudi kutoka Mwanza mpaka Bukoba kufuata muhuri.

Kisha uulize siku ya kliniki. Kliniki ya mifupa haiwi kila siku, hasa mkoani. Pengine ni siku moja au mbili katika wiki. Kwa maoni yangu kila hospitali yapasa kuandika siku hizo kwenye ubao mkubwa pale langoni, tena kwa herufi za kusomeka. Nyingi hazifanyi hivyo, na wagonjwa wenye magongo wapanda basi usiku kucha kuja kuambiwa, "Rudi Alhamisi."

Sasa tusome mazungumzo ya mfano. Mama mmoja amefika dirisha la bima katika hospitali ya rufaa. Mwanafunzi mmoja asome maneno ya mama, na mwingine asome maneno ya karani.

KARANI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Nimeleta barua ya rufaa ya mume wangu. Amevunjika mfupa wa paja, yuko pale kwenye machela. Kadi yake hii hapa.

KARANI: Poleni sana. Kadi ni nzima, mama, naiona katika kompyuta.

MAMA: Ahsante. Daktari bingwa wa mifupa yupo leo?

KARANI: Kliniki ni Jumanne na Alhamisi. Lakini mgonjwa wa paja hangoji kliniki. Atalazwa leo, na daktari atamwona wodini.

MAMA: Vizuri. Na akipasuliwa na kutiwa chuma, chuma hicho kimo katika orodha ya Mfuko?

KARANI: Vingine vimo, vingine havimo, mama. Daktari akishaandika aina anayoitaka, nileteeni karatasi nitazame.

MAMA: Na kama chahitaji kibali cha Mfuko?

KARANI: Tutakiomba sisi. Kikichelewa, mtakwenda na karatasi ya daktari ofisi ya Mfuko hapa mjini.

MAMA: Basi nitakuja kabla hajaingizwa chumba cha kupasulia. Nikutafute kwa jina gani, mwanangu?

Mmeona? Mama yule hakugombana na mtu, wala hakubembeleza. Aliuliza mambo manne, akapata majibu manne, kisha akaandika jina la karani na tarehe nyuma ya bahasha. Kesho yake, zamu ikibadilika na mtu mwingine akimwambia jambo jingine, ana pa kuanzia.

Habari ya vyuma yataka maneno zaidi, maana hapo ndipo wenye kadi wengi hushtuka. Mfupa wa paja hutibiwa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kulala kitandani mguu ukivutwa kwa uzito, wiki 6 au zaidi. Njia ya pili ni kupasuliwa na kutiwa chuma kirefu ndani ya mfupa, na mara nyingi mgonjwa huanza kusimama na magongo baada ya siku chache tu. Kwa mkulima, wiki 6 za kulala wakati wa kupalilia ni njaa ya mwaka mzima, na mkewe naye huacha shamba ili amwuguze. Kwa hiyo watu hutaka chuma, na ni haki yao kukitaka. Lakini vyuma ni vya aina nyingi na bei nyingi. Mkiambiwa chuma hiki hakimo katika orodha, msitoke mbio kwenda kukopa. Mwulizeni daktari mwenyewe: "Je, iko aina nyingine iliyomo katika orodha, nayo itafaa kwa mfupa huu?" Mara nyingine iko, ila hakuna aliyeuliza. Ikiwa kweli haipo, ombeni mwandikiwe bei, na fedha mlipe kwenye dirisha la malipo na kupewa stakabadhi. Mtu akikutaka umpe mkononi kwenye ukumbi, hata akiwa amevaa koti jeupe, mwambie utalipa dirishani. Na asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii iliyo hapo hapo hospitali. Ofisi hiyo iko kwa ajili ya watu kama hao, nao wengi hupita mlangoni pake bila kujua kusoma kilichoandikwa juu yake.

Baada ya matibabu utatakiwa kutia sahihi fomu ya madai, au kuweka kidole. Fomu hiyo ndiyo hesabu itakayopelekwa kwa Mfuko. Usitie sahihi karatasi tupu. Soma kilichoandikwa: kama umepigwa picha moja ya eksirei na fomu yasema tatu, uliza. Fedha za Mfuko ni zenu.

Nimetaja nyayo zilizopinda. Watoto wengine huzaliwa nyayo zao zikiwa zimegeukia ndani. Wazazi huona haya, wamfunika mtoto kwa kanga, miaka yapita. Jambo hili latibika, tena bila kisu kikubwa, mtoto akiwahi. Daktari mmoja aliyefanya kazi Iowa, Marekani, Ignacio Ponseti, alifundisha njia ya kuunyoosha mguu kidogo kidogo kwa hogo, likibadilishwa kila wiki, mara 5 hadi 7 au zaidi kidogo. Kisha mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, na mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, baadaye usiku tu, mpaka afike miaka 4 hivi. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, yajulikana sana kwa kazi hiyo, na iko pia katika hospitali nyingine. Wakati mzuri wa kuanza ni wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo wewe uliye mwanachama, mwandikishe mtoto katika bima mapema, na cheti chake cha kuzaliwa ukifuate mapema. Mguu wa mtoto ni laini sasa. Akichelewa, huenda ukahitaji kupasuliwa.

Na yule ambaye mguu wake ulikatwa, asidhani kwamba habari zake zimekwisha. Pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981 kuna chuo kinachofundisha mafundi wa miguu ya bandia na vifaa vya viungo, kiitwacho TATCOT, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mwulize daktari wako rufaa ya kwenda kwa fundi wa viungo, na uliza dirishani kama kadi yako yalipa yote au sehemu.

Neno moja kuhusu kadi zenyewe, maana si zote zinafika mahali pamoja. Iko bima iliyoitwa CHF iliyoboreshwa, ambayo wengi wa vijijini waliipata: kaya ya watu 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi hiyo iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na kwa sheria hiyo mipango ya bima yabadilika. Basi chukueni kadi zenu, mkawaulize wanaoandikisha bima: "Kadi hii yafika ngazi gani leo?" Wa Zanzibar wana mfuko wao, ulioundwa kwa sheria ya 2023. Na ninyi mlio mpakani, Tarime, Namanga na Holili, angalieni. Kule Kenya nako kulikuwa na bima yenye herufi zizi hizi, NHIF, iliyoanza mwaka 1966, nayo iliondoka tarehe 1 Oktoba 2024, mahali pake pakashikwa na mamlaka mpya iitwayo SHA. Herufi zilifanana, lakini mifuko haikuwa mmoja, na kadi ya upande mmoja haikupi tiba upande wa pili.

Sasa fungueni ukurasa mpya. Nitawasomea barua ya rufaa polepole, nanyi mwiandike. Ni barua ya kubuni. Mgonjwa wetu katika kadi yake aitwa Asha Juma. Mwalimu wa darasa aandike jina hilo ubaoni, ASHA JUMA, lisifutwe. Mko tayari? Haya.

"Kwa Mganga Mfawidhi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Namleta kwako Aisha Juma, mwanamke, umri miaka 58. Alianguka kisimani, akavunjika nyonga ya kushoto. Hawezi kusimama. Tumempa dawa ya maumivu. Tafadhali apokewe katika idara ya macho. Sahihi ya daktari, na muhuri wa hospitali."

Mganga mfawidhi, kwa wasiolijua neno hilo, ni daktari mkuu wa hospitali hiyo. Katika barua hii mna makosa matatu, na kila moja laweza kumrudisha mama huyu nyumbani juu ya machela. Yapigieni mstari. Kisha kila mmoja aiandike barua upya kama inavyopasa kuwa, na mwalimu akusanye daftari. Nawapa dakika kumi. Kwaherini mpaka somo lijalo.